Mwaka wa Kujaza Kitanda

Tulipomzika Eunice Wambui kule Gilgil, kwenye shamba walilonunua yeye na marehemu mumewe, niliombwa niseme machache kwa niaba ya wakunga wenzake. Nilishika kipaza sauti nikautazama ule umati, nikajua kwamba kati ya hao waliokaa kwenye viti vya plastiki kuna wengi niliowapokea kwa mikono yangu walipokuwa wakija duniani, na wengine walipokelewa na Eunice, na wengine tuliwapokea pamoja. Nikawaambia hivyo. Watu walicheka huku wakifuta machozi, nami nikarudi kuketi. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nalitaja hilo kwa sababu Eunice, kama angekuwa hai, angelitaja. Yeye ndiye aliyekuwa akijua vizuri kwamba wakati mmoja katika ujana wangu nilikuwa msichana ambaye akiitwa jina lake darasani ulimi unakauka mdomoni.

Tulipokuwa tukila wali na mchuzi wa nyama na kabeji chini ya hema, mjukuu wake Shiru alikuja akaketi kando yangu. Shiru ni inginia kule Olkaria, kwenye visima vya mvuke, na Eunice hakuwa akimaliza mazungumzo yoyote bila kumtaja. Msichana alikula kidogo, akasukuma chakula huku na huku kwenye sahani, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shosho, huyu shosho wangu aliwahi kuogopa kazi?" Nikamwuliza kuogopa vipi. "Kuona ni kama hiyo kazi si yako," akasema. "Mimi niko na mafundi wananisikiliza, wengine ni wazee kunishinda. Lakini kila Jumatatu nikiingia kwa mkutano naona ni kama leo ndiyo watajua." Nikamwuliza watajua nini. Akasema, "Kwamba walikosea kuniandika." Akanitajia jina la Kiingereza la hali hiyo, jina refu, akasema watu wanaliongelea sana siku hizi kwa mtandao. Jina sikulishika. Hali yenyewe niliitambua mara moja, kama unavyomtambua jirani wa zamani kwa mwendo wake hata kabla hujauona uso. Nikaanza kumsimulia, lakini mvua ikanyesha ikatutawanya kabla sijafika mbali. Kwa hiyo ninayaandika hapa yote, ayasome akipata nafasi.

Habari za kwetu nitaziacha. Itoshe kusema kwamba nilitoka Sachangwan, kwenye baridi, katika laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la pareto la mzungu, na kwamba katikati ya ile miaka ya hamsini, Hali ya Hatari ikiwa bado haijaisha, nilishuka Nakuru nikiwa na sanduku la bati nikaenda kusomea ukunga katika hospitali ndogo ya misheni iliyokuwa kwenye mteremko wa Menengai. Nilichelewa kufika. Wenzangu walikuwa wameshagawana vitanda na urafiki. Nilipewa kitanda cha mwisho, kile cha karibu na mlango, na blanketi la kijivu lililoandikwa jina la hospitali kwa uzi mwekundu. Chumba kile ningeweza kukichora hata leo: sakafu ya saruji tuliyoipaka nta kila Jumamosi, madirisha yaliyotazama ziwa, na harufu ya sabuni ya kipande na mafuta ya nywele. Mwaka ule ziwa lilikuwa limekauka sana. Alasiri upepo ukiamka, vumbi jeupe la magadi lilipanda kutoka bondeni likaja kulala juu ya mashuka tuliyoyaanika, tukayafua tena bila kulalamika, maana mkubwa wetu, Sista Dorothy, alikuwa akipitisha kidole juu ya kila shuka.

Sista Dorothy alikuwa Mwingereza mrefu mwenye mikono mikubwa, myekundu kwa maji moto na dawa. Kiswahili alikijua, ila alikisema kwa kukatakata, kama mtu anayevunja kuni. Siku chache baada ya kufika nilikuwa nikipangusa vioo vya veranda, na yeye na daktari mkuu wa hospitali walikuwa ndani wakinywa chai. Walizungumza Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma zaidi ya kusema, lakini maneno haya niliyasikia na kuyaelewa yote. Daktari aliuliza juu ya msichana mpya, yule wa Sachangwan. Sista akajibu kwamba sikuwa katika wale waliochaguliwa. Aliyechaguliwa alikuwa ameolewa ghafla, na mimi nilikuwa nimeletwa kujaza kitanda. Kisha wakaendelea na habari za tangi la maji lililokuwa likivuja. Nilibaki na kitambaa mkononi. Hawakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa kuwa mtu akikutukana unaweza kumwambia moyoni kwamba ni mwongo. Wao walikuwa wakitaja jambo la kweli kama walivyolitaja lile tangi.

Kuanzia siku hiyo niliishi kama mgeni aliyeingia arusini bila kualikwa, ambaye kazi yake kubwa ni kuhakikisha hakuna anayemwuliza yeye ni wa upande gani. Darasani sikuuliza swali. Nisipoelewa neno nililiandika kiganjani kwa kalamu, nikaenda kulitafuta kitabuni peke yangu. Wenzangu walitoka katika shule za bweni za wasichana, waliimba sauti nne, walijua kutandika kitanda kikakazana kama ngoma. Niliwatazama nikawaiga, mpaka namna ya kucheka. Wodini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wagonjwa waliona gauni la buluu na aproni nyeupe wakaniita "Sista," nami kila mara niligeuka nyuma kuona ni nani anayeitwa. Alama zangu za mitihani ya mwezi zilikuwa nzuri. Hazikunisaidia. Nikipata alama ya juu nilijiambia maswali yalikuwa mepesi, nikipata ya chini nilijiambia, haya basi, wameanza kuona. Leo nikifikiri juu ya akili ile nashangaa jinsi ilivyokuwa hodari. Ilikuwa hakimu asiyeweza kushindwa kesi: kila ushahidi ulioletwa mbele yake, wa huku au wa kule, ulithibitisha kosa lilelile.

Jumapili moja kila mwezi Sista Dorothy aliwaalika wanafunzi wawili wawili kula chakula cha mchana nyumbani kwake. Zamu yangu ilipofika niliwekwa pamoja na Eunice Wambui. Kati ya wote, huyu ndiye niliyemwogopa zaidi. Alikuwa binti wa mchungaji wa Gilgil, mwembamba, mwenye shingo ndefu na sauti tulivu, na alisema Kiingereza bila kukitafuta. Mezani kulikuwa na kitambaa cheupe, kondoo wa kuoka, viazi na minji. Sasa minji nilikuwa nimeimenya tangu utoto wangu, magunia kwa magunia, nikiwa nimeketi na akina mama kwenye nyasi za Sachangwan, lakini kuila kwa uma sikuwahi. Ilinikimbia sahanini. Nilimtazama Eunice nione anavyofanya, nikaona anaiponda kidogo kwa kisu mgongoni mwa uma, nami nikaponda. Sista akaniuliza kama kwetu tunapanda minji. Nikasema, "Hapana, Sista." Uongo huo ulitoka wenyewe. Niliona kwamba nikisema ndiyo, nitakuwa nimesema mimi ni mtoto wa kumenya minji, na atakumbuka kwamba sikuwa nimechaguliwa. Eunice aliinua macho akanitazama, kisha akarudi kwenye sahani yake. Tuliporudi bwenini alitembea mbele, nami nyuma, na nilikuwa na hakika ananicheka.

Ilikuwa karibu na mvua ndefu nilipomkuta katika stoo ya mashuka. Nilikuwa nimetumwa kuleta shuka za kitanda cha kujifungulia. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, rafu mpaka darini, na joto kwa sababu ya bomba la maji moto lililopita ukutani. Eunice alikuwa ameketi sakafuni kati ya marundo, aproni imefunika uso, analia. Nilitaka kurudi nyuma, akanisikia.

"Funga mlango," akasema.

Nikaufunga, nikabaki nimesimama. Sikujua kama napaswa kuketi mbele ya mtu kama yeye.

"Leo Sista amenisifu mbele ya watu," akasema. "Amesema binti ya mchungaji anaonyesha njia."

"Sasa unalilia sifa?"

"Wewe huelewi, Rebeka. Baba yangu na daktari wanaomba pamoja kila mwezi. Unafikiri niliingiaje hapa? Nikikosea watasema, hata kama ni wa mchungaji. Nikifaulu watasema, si ni wa mchungaji. Hakuna hata kitu kimoja hapa ambacho ni changu." Akafuta pua. "Nakuangalia wewe, unakaa kimya, huulizi chochote, unajua kila kitu. Nasema moyoni, yule ndiye aliyekuja kwa miguu yake."

Niliketi juu ya rundo la foronya. Nikamwambia nilichokisikia kwenye veranda. Nikamwambia na habari ya minji. Nilipofika kwenye minji alianza kucheka kwa kwikwi, machozi bado yakimtiririka, akasema yeye mwenyewe alifundishwa kuila na mama yake wiki nzima kabla ya kuja, kwa mbaazi za kuchemsha, na alidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimchunguza yeye pale mezani ili nione kama atakosea. Tulicheka mpaka tukaziba midomo na shuka za hospitali. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimefundisha wasichana wengi, na bado naamini kwamba dawa ya ugonjwa ule huanzia hapo: kugundua kwamba yule unayemwogopa naye amekaa mahali fulani, mlango umefungwa, anakuogopa wewe.

Kutoka siku hiyo tulianza mchezo tuliouita Sijui. Wakati wa chakula cha jioni, kwenye meza ndefu ya mbao, tukila ugali na maharagwe, kila mmoja wetu alimtajia mwenzake jambo moja asilolijua. "Sijui kwa nini mama akivimba miguu tunapima mkojo." "Sijui kusoma presha vizuri, nasikia mdundo wa kwanza tu, wa mwisho unanipotea." Mwenzako akijua, anakufundisha palepale, hata kwa vijiko na vikombe. Wote wawili msipojua, mmoja alilazimika kesho yake kunyoosha mkono darasani. Mara ya kwanza ilikuwa zamu ya Eunice. Alisimama, shingo ile ndefu imenyooka, akasema, "Sista, sikuelewa ulichosema juzi kuhusu kondo la nyuma." Sista Dorothy akaweka chaki chini, akauliza nani mwingine hakuelewa. Mikono ikainuka, mmoja mmoja, kwa aibu, mpaka ikawa mikono ya karibu darasa zima. Mara ya pili ilikuwa zamu yangu, na nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, ikabidi nirudie. Lakini nilirudia. Kabla mvua hazijaisha wasichana wengine walikuwa wamehamia upande wetu wa meza wacheze nasi, na nikagundua kwamba wale waimbaji wa sauti nne hawakujua mambo mengi ambayo mimi niliyajua, na walinisikiliza nilipowaeleza.

Sasa nifike kwa Teresia. Alikuwa mke wa mkamuaji wa ng'ombe kutoka upande wa Subukia, mwanamke mpole aliyeletwa na lori la maziwa akiwa katika uchungu. Alijifungua kabla ya adhuhuri, mtoto wa kiume, wa nne kwake, bila matatizo. Sista Dorothy mwenyewe ndiye aliyempokea mtoto na kulikagua kondo. Mimi niliachiwa kumwangalia mama baada ya hapo. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya mabati kwa nguvu hata ukitaka kusikilizana ulilazimika kuinama. Nilimpa chai, nikaangalia kitambaa chake cha kuzuia damu, karibu kikavu, damu kidogo tu. Nikashika mshipa wa mkono. Ulikuwa ukienda mbio kuliko nilivyotarajia.

"Unajisikiaje, mama?"

"Niko sawa, mwanangu. Kiu tu."

Nikampa maji. Baada ya muda mfupi akaomba tena, na hakutulia kitandani, alikuwa akigeuzageuza kichwa kama mtu aliyekosa mahali pa kukiweka. Nikaweka kiganja juu ya tumbo lake kutafuta nyumba ya mtoto. Tulikuwa tumefundishwa kwamba baada ya kuzaa inapaswa kukaza, iwe ngumu na ya mviringo chini ya kitovu. Yake ilikuwa imepanda juu ya kitovu, na ilikuwa laini kama unga uliozidishiwa maji. Lakini kitambaa kilikuwa kikavu. Nilikiangalia tena. Kama kuna damu inayotoka, si ingeonekana? Nilikwenda kwa Sista, aliyekuwa akishughulika na mama mwingine nyuma ya pazia, nikamwambia.

"Anatoka damu?" akauliza bila kugeuka.

"Hapana, Sista. Kitambaa ni kikavu."

"Basi mpe chai. Amechoka. Nitakuja."

Nikarudi. Nataka Shiru ausome vizuri huu mwendo wa kurudi, kutoka pazia mpaka kitanda cha Teresia, kwa sababu katika mwendo ule mfupi yule hakimu wa kichwani mwangu alisema yote aliyokuwa nayo. Alisema Sista amezalisha tangu sijazaliwa. Alisema kitambaa ni kikavu, na mwenye macho anaona. Alisema wewe ni nani, wewe umekuja kujaza kitanda. Nikafika, nikaweka mkono tena. Ilikuwa imepanda zaidi. Midomo ya Teresia ilikuwa imebadilika rangi, akaniambia polepole, "Naona giza, mwanangu." Na hapo, nakumbuka, sikujisikia shujaa wala mjuzi. Nilichojua ni kimoja: mkono ulio juu ya tumbo hili ni wangu, na unachokigusa hakuna mwingine humu ndani anayekigusa. Kama nimekosea, nitafukuzwa nirudi kwenye pareto. Kama sijakosea nami nikanyamaza, basi huyu mama atakufa kwa sababu ya haya yangu. Nikaanza kulisugua tumbo kwa nguvu kwa kiganja, kwa mviringo, kama tulivyoonyeshwa, nikainua sauti juu ya mvua.

"Sista, naomba uje sasa. Sisemi juu ya kitambaa. Nasema juu ya tumbo."

Wodi nzima ilinisikia. Sista Dorothy alitoka nyuma ya pazia amekunja uso. Alikuja kwa hatua ndefu, akaweka mkono wake mwekundu kando ya wangu, na uso wake ukabadilika papo hapo. Aliagiza sindano ya kukaza nyumba ya mtoto, akanionyesha kwa kidole nisiache kusugua, naye akabonyeza kwa chini, na bonge la damu likatoka, kisha lingine, kisha damu nyingi iliyokuwa imejificha humo ndani nyuma ya lile bonge, ikaloanisha shuka mpaka godoro. Eunice alikuwa ameshafika na sindano. Mwingine akakimbia kumwita daktari. Mimi nilisugua mpaka bega likaungua, na polepole, chini ya vidole vyangu, nikahisi ile nyumba ya mtoto ikijikusanya, ikawa ngumu kama chungwa bichi. Nilisema, "Imekaza." Sista akaweka mkono akakubali kwa kichwa. Daktari alipoingia alikuta mama amewekewa maji ya mshipani na mshipa wake umeanza kutulia. Teresia alikaa hospitalini muda mrefu, akapona.

Ungedhani kwamba nililala siku hiyo nikiwa mtu mpya. Sivyo. Kesho yake asubuhi, nikikunja blanketi langu, nilishajiambia kwamba ilikuwa bahati, kwamba yeyote angehisi vile. Nilimwambia Eunice hivyo tukiwa tunakunywa uji. Akaniangalia juu ya kikombe chake akasema, "Sawa. Bahati ilikuwa imesimama pale ikisugua tumbo, sivyo? Mimi nilikuona wewe." Kisha akaendelea na uji wake. Nilikaa na neno hilo mchana kutwa, na jioni nikafanya jambo ambalo nisingethubutu mwanzoni mwa mwaka. Nilimfuata Sista Dorothy ofisini kwake, chumba kidogo chenye meza, ramani na chupa za maua ya porini, nikamwambia nilisikia aliyosema kule veranda.

Alifikiri kidogo. Nilimwona akitafuta kumbukumbu, kisha akaipata. Nilitegemea aseme nilisikia vibaya. Pengine nilitamani hivyo.

"Ni kweli," akasema. "Yule wa kwanza aliolewa. Wewe ulipewa nafasi yake."

"Ndiyo, Sista."

"Mimi pia," akasema, "nilikuja nchi hii kwa sababu mwingine aliugua. Meli ilikuwa tayari, mtu hakuna." Akaifungua na kuifunga kalamu yake. "Jana uliniita mara mbili, Rebeka. Mara ya kwanza nilikosea kukusikiliza. Mwanafunzi wengi angekaa chini. Mara ya pili, hiyo nani alikuja kuifanya? Yule aliyeolewa?"

Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika hapo, nami sijawahi kusikia sentensi nzuri zaidi. Wiki ile ile alisimama mbele ya darasa akaeleza kisa chote, pamoja na kosa lake mwenyewe la kuangalia kitambaa badala ya tumbo, akasema tangu siku hiyo kila mwanafunzi amwite mara ya pili, na akihitajika mara ya tatu. Nilikuwa nimeketi karibu na dirisha. Niliona vumbi la ziwa halipo tena, mvua ilikuwa imelilaza, na chini kule maji yalikuwa yameanza kurudi. Nilijivuna. Kwetu msichana hufundishwa kuficha jambo kama hilo, nami nililificha, lakini nilijivuna mpaka masikio yakawa moto.

Teresia alirudi baada ya miezi michache akiwa na mtoto mgongoni na gunia dogo la viazi. Aliniambia waziwazi kwamba angependa kumpa mtoto jina la kunikumbuka, lakini mtoto ni wa kiume na jina ni la ukoo wa mumewe, kwa hiyo ameleta viazi. "Jina haliliwi," akasema, "hivi utakula." Tulivichemsha bwenini jikoni, tukaviponda na mahindi na minji, tukala wote, na nilipoulizwa na msichana mmoja ni nani aliyemenya minji upesi namna ile, nikasema, "Ni mimi. Kwetu tunaipanda."

Krismasi tulipewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Kwa Eunice, Mkikuyu wakati ule wa Hali ya Hatari, ilikuwa taabu, kibali cha kusafiri kilichelewa, na aliondoka baada yangu. Mimi nilipanda gari la moshi mpaka Molo, nikapata lifti ya lori mpaka Sachangwan, nikafika alasiri, ukungu ukiwa umeshuka juu ya pareto. Nilikuwa sijaweka hata sanduku chini akina mama wa laini walipoanza kuja. Walikuwa wamesikia nasomea ukunga. Mmoja alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, akaniambia, "Daktari wetu amefika. Niangalie."

Mwanzoni mwa mwaka ule ningefanya moja kati ya mawili: ningekimbia, au ningejifanya. Nilimwambia, "Mama, mimi si daktari. Nimesoma mwaka mmoja. Najua kupapasa mtoto alivyolala, najua kusikiliza moyo wake, na najua dalili za hatari. Huo uvimbe wa miguu sijui kuutibu. Nikiona mbaya tutakwenda pamoja hospitali, kesho asubuhi, nami nitakusindikiza."

Alinitazama toka viatu mpaka kitambaa cha kichwani. Wenzake wakangoja.

"Basi," akasema, akigeuka kuelekea mlango wa nyumba yake, "njoo uangalie hayo unayoyajua."

Niliomba maji ya moto na sabuni. Nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikainama chini ya kizingiti, nikaingia.